Miti ya Baba na Ahadi ya Kurudi

Ukishuka basi Makambako alfajiri, anayekupokea wa kwanza ni upepo. Abiria waliotoka Dar na fulana nyepesi husimama dakika moja wakijikumbatia, halafu wanarudi ndani kutafuta sweta. Hapa ndipo basi la Songea linapoiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya na kukata kushoto kuelekea Njombe, kilomita 60 na ushee. Hapa ndipo pia reli ya TAZARA inapovuta pumzi baada ya kupanda milima kutoka Mlimba. Ni mji uliokua kwa sababu ya watu wanaopita, na hata sisi wa mkoa huu tunaupita zaidi kuliko tunavyoukaa.

Mwezi uliopita nilishuka hapo kwa sababu baba alinipigia simu. Mnunuzi wa miti anakuja Jumamosi, alisema, njoo mwenyewe usije ukasema tuliuza bila wewe kuwepo.

Miti inauzwa kwa ajili yangu, na hapo ndipo stori ilipo. Nina mafaili mawili katika nchi moja ya ng'ambo. Faili la kwanza ni maombi ya kuhamia kama mfanyakazi mwenye ujuzi, nimeshalipeleka, nasubiri. Faili la pili ni la kibali cha masomo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huko huko, na masomo yanaanza Septemba. Mawazo yangu yalikuwa mepesi tu: badala ya kukaa bure nikisubiri, si bora nisubiri huku nasoma? Nchi yenyewe sitaitaja. Mama anasema jambo lisiloiva halitangazwi, na mimi ingawa ni mwandishi wa habari, kwa hili namtii.

Tatizo ni kwamba mafaili haya mawili yanagombana. La kwanza linasema: naomba kuja kuishi kwenu moja kwa moja. La pili linaniuliza: tuthibitishie kwamba masomo yakiisha utaondoka. Na uthibitisho mkubwa niliokuwa nao, kitu cha kumwonyesha ofisa kwamba huyu ana sababu ya kurudi kwao, ni shamba la mipaina la familia, pamoja na hati yake ya kimila. Lakini ada inatoka wapi? Inatoka kwenye mipaina hiyo hiyo. Yaani ili nipate hela ya kwenda, nauze kinachothibitisha kwamba nitarudi.

Nilipokuwa kwenye basi nikitafakari hayo, nilijikuta najiuliza swali la kihistoria. Je, watu wa huku wamekuwa wakiondoka kwa masharti gani? Maana kuondoka Njombe si jambo la kizazi changu.

Babu mzaa baba alikuwa manamba. Aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa lori la SILABU, ofisi iliyoundwa mwaka 1944 na wenye mashamba ya mkonge ili kukusanya vibarua kutoka sehemu za mbali, na Njombe ilikuwa kati ya sehemu walizozitegemea sana. Neno manamba lenyewe linajieleza: kila mtu na namba yake. Kipande cha mkonge kilikuwa na siku 30 za kazi, na hizo 30 zilitakiwa zikamilike ndani ya siku 42. Usipofanya kazi, siku haiandikwi. Babu alikuwa akihesabu mambo mengi ya maisha kwa vipande. Kuna shangazi yangu ambaye kwa hesabu ya babu alizaliwa "kipande cha tatu Tanga", na hakuna aliyewahi kumpatia tarehe nyingine.

Wenzao, hasa wa upande wa Rungwe, walikwenda mbali zaidi, hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kupitia shirika la kuajiri la WNLA ambalo wazee walilitamka Wenela. Mlango huo ulifungwa Tanganyika ilipopata uhuru. Serikali mpya haikutaka kuwapelekea makaburu vijana wake.

Sitaki kuupamba mfumo ule. Ulikuwa wa kinyonyaji, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kuna waliochukuliwa kwa nguvu kabisa. Lakini kuna kitu kimoja kinanivutia. Haukumuuliza babu nia yake. Mzungu wa mkonge alitaka mikono, basi. Tena alifurahi babu arudi kwao, maana huko kwao ndiko bibi alikokuwa akilima na kulea watoto bila mwajiri kutoa hata senti. Kurudi kulikuwa ndani ya mkataba, kama vile panga la kukatia mkonge. Hakuna ofisa aliyekaa mezani akijaribu kusoma moyo wa babu aone kama ana mpango wa kulowea Tanga. Na wapo waliolowea. Nenda Muheza au Korogwe ukaulize asili za watu.

Mwanahistoria James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, ameandika kitabu kizima kuhusu familia za Njombe katika karne ya 20, *A History of the Excluded*, kilichotoka mwaka 2005. Nilikisoma kwa uvivu nikiwa chuo, nikakirudia mwaka huu kwa hamu tofauti. Ninachokichukua humo ni kwamba watu walioachwa nje na dola walijijengea maisha ndani ya familia. Ndugu ndiye alikuwa benki, ndiye bima, ndiye ofisi ya ajira. Nikiangalia faili langu la masomo, naona bado ni hivyo. Sehemu ya mdhamini imejazwa jina la baba, fundi mstaafu, mwenye ekari chache za miti.

Baba yeye hakwenda popote. Kazi ndiyo iliyomfuata. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote: mabonde, udongo unaoteleza, madaraja, mahandaki ya kutoboa milima. Baba alikuwa kijana asiyefika hata miaka 20, akaanza kwa kubeba kokoto. Mchina mmoja akamwona ana mkono mtulivu, akamfundisha kazi ya chuma. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Baba anasema somo lote lilikuwa la vidole na kutikisa kichwa, na kwamba hadi leo akiona kazi mbovu ya kuchomelea hutikisa kichwa kama yule Mchina.

Sasa hapa ndipo historia inanipa mfano ambao sikuutegemea. Mwaka 1972, reli ikiwa bado inajengwa, wanafunzi wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika chuo kilichoitwa wakati huo Northern Jiaotong, kusomea mambo ya reli. Walianza na Kichina, kisha wakaingia kwenye masomo yenyewe. Waliohitimu walirudi mwaka 1975, na reli nayo ilikuwa imefika. Fikiria ratiba hiyo. Kijana anasoma ng'ambo, na wakati anasoma, wenzake akina baba wanapasua mlima ili akirudi akute kazi. Wao nao walisoma huku wakisubiri, kama mimi ninavyotaka. Tofauti ni kwamba kilichosubiriwa kilikuwa kinajengwa nyumbani, na kila mtu aliweza kukiona kikija, daraja kwa daraja.

Baba aliwaona baadhi yao wakipita Makambako baadaye. "Walikuwa wanatembea kama watu wanaojua saa ngapi treni linafika," aliniambia. Kwa mtu wa reli hiyo ni sifa kubwa.

Msomaji asidhani nalilia enzi za Mwalimu. Msomi wa wakati ule alikuwa mali ya taifa, na mali haiulizwi inataka kwenda wapi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakafukuzwa, wakarudishwa makwao. Fedha za kigeni zilidhibitiwa. Hata ungekuwa na shamba la miti, usingeweza tu kuuza na kupeleka hela ng'ambo kulipia ada. Kwa hiyo baba akisema "zamani msomi alikuwa na kazi yake", huwa namjibu kimoyomoyo: ndiyo, na kazi nayo ilikuwa na msomi wake.

Mimi ni msomi wa aina nyingine. Nimesoma kwa mkopo wa bodi, nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na gazeti ninaloliandikia limepunguza watu mara mbili tangu niajiriwe. Hakuna anayenipasulia mlima popote. Ndiyo maana niliingia kwenye mchezo wa pointi.

Mchezo huu una historia, na kwa kuwa nchi yangu ni siri, nitatumia Kanada kama mfano, maana kanuni zake zimeandikwa waziwazi na kila mtu anaweza kuzisoma. Kabla ya miaka ya 1960 Kanada ilichagua wahamiaji kwa kuangalia wametoka nchi gani, na mtu mweusi wa Njombe hakuwa hata kwenye mjadala. Mwaka 1967 ukaja mfumo wa pointi: elimu, ujuzi, umri, lugha. Ukipata 50 kati ya 100 umepita. Mfumo wa haki, kwa kulinganisha na wa kabla yake, na sitaki kuubeza. Mwaka huo huo kanuni ziliruhusu hata mtu aliyeingia kwa muda, kama mgeni tu, aombe ukaazi akiwa humo humo ndani. Watu wakafanya hivyo, mafaili yakajaa, na Novemba 1972 mlango huo ukafungwa. Ni mwaka ule ule vijana wetu walipokwenda Beijing. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa zikicheza na mlango huu: unafunguliwa kidogo, unafungwa, unafunguliwa tena ukiwa na jina jipya.

Kwa wapenzi wa fasihi mfano wa kupita katika mlango huo upo. M.G. Vassanji alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, akaenda kusoma fizikia Marekani, katika chuo cha MIT, na mwaka 1978 akahamia Kanada kufanya kazi ya fizikia ya nyuklia. Sisi tunamjua kwa *The Gunny Sack* na kwa tuzo ya Giller aliyoipata mwaka 1994, ya kwanza kabisa kutolewa. Lakini kabla ya vitabu alikuwa hicho hicho tunachoomba kuwa sisi: mtu mwenye shahada na ujuzi unaotakiwa. Na Abdulrazak Gurnah, katika *By the Sea*, anamshusha mzee Saleh Omar uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Nilicheka niliposoma hapo, maana sisi tunalipa hela nyingi kwa mtihani wa kuthibitisha kwamba tunakijua, na cheti chenyewe kinakufa baada ya miaka miwili, kana kwamba Kiingereza ni maziwa.

Kila karatasi katika faili la kuhamia ina tarehe yake ya kuoza. Mtihani wa lugha miaka miwili. Tathmini ya shahada miaka mitano. Kipimo cha afya miezi 12. Na mwombaji mwenyewe naye anaoza. Katika mfumo wa sasa wa Kanada, ulioanza Januari 2015, mwombaji asiye na mwenzi hupata pointi 110 za umri akiwa kati ya miaka 20 na 29. Akifika 35 anabaki na 77. Akitimiza 36 ni 72. Kwa hiyo keki ya birthday ina bei. Mama mkulima wa viazi alinielewa haraka nilipomweleza hili: "Kumbe ni kama mbegu, ukichelewa kuipanda inalala."

Na kusubiri kwenyewe hakuna dhamana. Mwaka 2012 Kanada ilikuwa na mlundikano wa maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi, mengine ya miaka mingi. Bunge likapitisha sheria iliyoyafuta yote yaliyopokelewa kabla ya tarehe 27 Februari 2008 na ambayo hayakuwa yameamuliwa hadi Machi 29, 2012. Ada zikarudishwa. Waombaji pamoja na familia zao walikuwa watu kama 280,000. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 2013 mahakama ikasema Bunge lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Nikiwasoma watu hao sifikirii hela zao. Nafikiria mambo waliyoyaahirisha: nyumba ambazo hazikujengwa kwa sababu "tunaondoka", watoto walioachwa shule fulani kwa sababu "ni ya muda tu", wachumba walioambiwa wasubiri. Hayo hayakuwa na risiti.

Ndiyo maana kusoma huku unasubiri kunavutia. Angalau miaka inakuwa na kitu ndani yake. Tena masomo yenyewe yanaongeza pointi: katika mfumo huo wa Kanada, shahada ya uzamili iliyopatikana ndani ya nchi hiyo inakupa pointi 30 za ziada. Lakini ili uingie kusoma, unatakiwa kumridhisha ofisa kwamba muda ukiisha utaondoka.

Kusema kweli sheria ya Kanada imeliona hili. Inasema kwamba nia ya kuwa mkaazi wa kudumu haimzuii mtu kuingia kwa muda, ilimradi ofisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukimalizika. Yaani unaruhusiwa kuwa na nia mbili kifuani. Marekani ni wakali zaidi kwa mwanafunzi. Wao wanaanza kwa kudhani kila mwombaji ni mhamiaji hadi athibitishe vinginevyo. Lakini hata penye ulegevu, kazi ya kuzipanga hizo nia mbili kwenye karatasi ni ya mwombaji. Na hapo ndipo mawakala wanapopatia ugali wao.

Mmoja nilimfuata Dar. Ofisi ndogo, feni inalia, ukutani picha ya theluji. Aliangalia mafaili yangu akasema: "Kaka, hilo la kuhamia usilitaje. Andika unarudi kusimamia biashara ya familia." Nikamuuliza, na fomu ikiuliza kama nimewahi kuomba kuhamia? Akasema jaza hapana, kila mtu anajaza hapana. Nilitoka pale nikiwa na hasira, halafu nikagundua hasira si ya uongo alionishauri. Ni kwamba sehemu ya uongo huo ilikuwa kweli. Mimi *nataka* kurudi. Nataka pia kukaa huko. Kuna siku nataka hili asubuhi na lile jioni. Babu naye, nadhani, alikuwa hivyo hivyo kwenye lori la SILABU, ila hakuna aliyemtaka achague kabla hajapanda.

Niliandika barua yangu mwenyewe. Nimelitaja faili la kwanza, na namba yake. Nikaeleza kwamba likikubaliwa nitabaki kwa utaratibu, na likikataliwa nitarudi Njombe, na nikaeleza Njombe ni nini. Ilinichukua wiki mbili, kurasa mbili. Kama wataniamini au hawataniamini, ni hiyo.

Iliyobaki ni miti.

Kwa asiyejua, huku kwetu mti ndio akaunti. Zamani kazi ya miti ilikuwa ya makampuni. Miwati ya TANWAT imekuwepo Njombe tangu mwisho wa miaka ya 1940. Baadaye kila familia ikaanza kupanda mipaina na milingoti kwenye miinuko isiyofaa mahindi. Mtoto akizaliwa unapanda, akifika chuo unakata. Ya kwetu baba aliipanda mwaka niliomaliza darasa la saba.

Jumamosi tuliondoka nyumbani saa moja. Ukungu ulikuwa chini, hata mbwa walikuwa hawaonekani vizuri. Mnunuzi alikuja na kijana wake na kopo la rangi nyekundu. Mashine ya kupasulia mbao, ile tunayoiita dingdong, angeileta akishalipa. Wakasalimiana na baba, kamwene, kamwene, wakaulizana habari za viazi na bei ya mbolea. Wakaanza kuhesabu. Kila mti unaouzwa unapakwa rangi kwenye shina. Mimi nilikuwa nyuma na daftari, mwandishi wa habari wa familia.

Tulipofika mstari wa juu, unaopakana na barabara ya kijiji, baba akasimama.

"Hapa ndio mwisho," akasema.

Mnunuzi akashangaa. Ndiyo minene kuliko yote, mzee. Simu mlisema shamba zima.

"Nimesema hapa ndio mwisho."

Nikamvuta pembeni. Shikamoo baba, samahani, lakini bila mstari huu hela haitoshi. Nitapungukiwa na muhula mzima. Nikamwonyesha hesabu kwenye daftari. Alivaa miwani, akaisoma taratibu, akatikisa kichwa kama yule Mchina wake.

"Si umewaandikia kwenye barua kwamba kwenu kuna miti?"

"Nimeandika."

"Basi wakituma mtu kuja kuangalia?"

Nilitaka kumwambia hakuna ofisa atakayepanda basi hadi huku kuhesabu mipaina. Nikanyamaza. Mnunuzi akafunga kopo la rangi, akaanza kujumlisha upya, na kijana wake akaenda kukojoa kwenye ukungu. Muhula uliobaki nitauandikia chuo nione kama wanaruhusu kulipa kidogo kidogo. Jioni nilipanda Coaster hadi Makambako kusubiri basi la usiku, na kwa kuwa lilichelewa, nilikula mahindi ya kuchoma mawili nikiwa nimelipa upepo mgongo.